Kuanzisha biashara ndogo ya programu mtandaoni mkiwa wawili: hatua kwa hatua

Programu yetu ya kwanza ilizimika siku ya Jumapili, na haikuzimwa na hitilafu wala na wadukuzi. Muda tuliolipia jina la tovuti, yaani anwani yetu ya mtandaoni, ulikuwa umekwisha. Mwenzangu alilisajili kwa barua pepe ya ofisi aliyokuwa akifanya kazi, baadaye akaacha kazi, na vikumbusho vyote vya kulipia vikawa vinaingia kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Wateja 43 walikuwa wakitulipa kila mwezi. Tulilipata tena jina letu baada ya siku tatu, kwa bahati tu kwamba lilikuwa bado ndani ya muda wa nyongeza ambao msajili, kampuni inayouza majina ya tovuti, humpa mwenye jina kabla ya kuliachia.

Tangu hapo, watu wawili wakinijia na wazo la biashara ya programu, swali langu la kwanza huwa: nani ana ufunguo wa nini, na mmeandika wapi? Mali bila daftari huisha bila habari, na programu ni mali. Ndiyo maana katika mwongozo huu mtaona nazungumzia maandishi ya makubaliano kuliko msimbo, yaani maagizo ya kompyuta yanayounda programu. Msimbo mtauweza.

Hatua ya 1: Fanyeni kazi moja ndogo pamoja

Urafiki wa miaka kumi haukuambii mtu anafanyaje kazi. Kabla hamjaitana washirika, chagueni jambo linaloweza kumalizika ndani ya wiki mbili, labda ukurasa wa tovuti wa mtu mnayemfahamu, na muwekeane tarehe ya mwisho. Wakati huo usimpime mwenzako kwa umahiri peke yake. Tazama anavyokuletea habari mbaya. Akikuambia Jumanne kwamba Ijumaa haitawezekana, huyo mnaweza kufanya biashara. Akinyamaza hadi Ijumaa usiku, jua kwamba atanyamaza hivyo hivyo siku wateja watakapokuwa wanalalamika.

Kama wote wawili mnaandika msimbo, amueni mapema ni nani atakayezungumza na wateja. Lisipoamuliwa, kila mmoja atajificha kwenye kompyuta yake akiamini kwamba programu ikishakuwa nzuri itajiuza. Haijiuzi.

Hatua ya 2: Waendeeni wenye shida

Biashara ndogo ya programu huishi kwa kundi dogo linalojulikana. Ukisema unatengeneza programu ya wafanyabiashara wote, hutajua uanze kumpigia simu nani. Sisi tulichagua wafasiri wanaojitegemea, kwa sababu mwenzangu aliwahi kuifanya kazi hiyo na alijua wanakutana wapi mtandaoni.

Ongeeni na watu kama 15 wa kundi lenu, mmoja mmoja, na msiwaeleze wazo lenu. Mtu akiulizwa kama angetumia programu fulani atajibu ndiyo kwa adabu tu. Muulizeni yaliyokwisha kumtokea. Swali letu lilikuwa hili: mara ya mwisho mteja alipochelewa kukulipa, ulifanya nini? Mfasiri mmoja hakujibu kwa maneno. Aligeuza kompyuta akatuonyesha jedwali la Excel lenye ankara zake, baadhi ya mistari ameipaka njano, mingine nyekundu, na kwenye safu ya mwisho ameandika: "nimekumbusha", "nimekumbusha tena", "naona haya kuuliza".

Sisi tulikuwa tumejiandaa kumtengenezea programu ya kuandika ankara. Kuandika ankara hakukumsumbua hata kidogo. Kilichomtesa ni kudai. Tukaiacha michoro yetu yote na kutengeneza programu inayomkumbusha mdaiwa kwa niaba ya mfasiri, kwa lugha ya heshima, siku ya 3, ya 10 na ya 21 baada ya tarehe ya malipo kupita. Safu moja ya jedwali la mtu mwingine ndiyo iliyozaa biashara yetu.

Mkiwa kwenye mazungumzo hayo, sikilizeni mahali ambapo mtu tayari anatoa fedha au saa zake kuikabili shida. Anayelalamika bila kufanya lolote ni nadra kuja kulipia.

Hatua ya 3: Andikeni makubaliano wakati hakuna cha kugombea

Hapa msiharakishe. Siku mnapoanza, hisa zenu hazina thamani yoyote, na ndiyo siku nzuri kuliko zote kuzigawana. Baada ya mwaka, programu ikiwa inaingiza fedha, kila neno litakuwa na uzito na kila kumbukumbu itakuwa tofauti na ya mwenzako. Wengi huona aibu kulizungumza jambo hili mapema, kana kwamba ni dalili ya kutoaminiana. Mimi naliona ni heshima: unamwonyesha mwenzako kwamba unatarajia kitu hiki kiwe na thamani, na hutaki aje adhulumiwe.

Anzeni na mgawanyo. Nusu kwa nusu ni sawa ikiwa mnaanza siku moja, kwa saa zinazokaribiana na hatari zinazokaribiana. Mmoja akiacha ajira na mwingine akaendelea kupokea mshahara wake, nusu kwa nusu itakuja kumuuma yule aliyeacha. Semeni hivyo sasa, mpange tofauti.

Mgawanyo pekee hautoshi. Hisa zinatakiwa zikomae kadiri mtu anavyofanya kazi. Utaratibu uliozoeleka ni miaka 4, na mwaka wa kwanza wa kungoja. Tuseme kila mmoja amepangiwa asilimia 50. Mwenzako akiondoka mwezi wa 10, kabla mwaka haujatimia, haondoki na hisa yoyote. Akiondoka mwezi wa 18, amekomaza miezi 18 kati ya 48, yaani asilimia 37.5 ya fungu lake, ambayo ni asilimia 18.75 ya kampuni nzima. Kilichobaki kinarudi kwa kampuni. Bila kifungu hiki, mtu anaweza kuondoka mwezi wa nne na nusu ya biashara mkononi, na wewe ukaifanyia kazi nusu hiyo kwa miaka. Fanyeni hesabu hii kwenye karatasi mkiwa mmekaa pamoja, kwa namba zenu wenyewe. Kifungu kikisomwa bila namba huwa hakieleweki.

Kisha amueni nani ana neno la mwisho katika nini. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na wawili wenye sauti sawa wanaweza kukwama kabisa. Sisi tuligawana hivi: mambo ya usalama wa data na namna programu inavyojengwa ni ya mwenzangu, bei, mauzo na maneno yote yanayosomwa na mteja ni yangu. Tunashauriana, lakini tukishindwa kuafikiana mwenye eneo anaamua na mwingine anafuata bila kununa. Kuuza kampuni, kukopa na kuingiza mshirika mpya vinahitaji sahihi zote mbili.

Andikeni pia saa ambazo kila mmoja ataweka kwa wiki, na fedha atakazotoa kila mmoja, na kama fedha hizo ni mkopo kwa kampuni au ni mtaji usiorudi. Andikeni itakuwaje mmoja akiugua kwa muda mrefu, akifariki au akitaka tu kutoka.

Hakimiliki ya msimbo isisahaulike. Katika nchi nyingi, kazi iliyoandikwa kabla ya kampuni kuwepo ni ya aliyeiandika hadi aihamishe kwa maandishi. Kwa hiyo kila mmoja atie sahihi kwamba msimbo, michoro na jina vyote ni mali ya kampuni. Na kama mmoja wenu bado ameajiriwa, asome mkataba wake wa kazi kabla ya kuandika mstari hata mmoja. Mikataba mingine humpa mwajiri haki juu ya kazi inayofanana na yake, hasa ikifanyika kwa kompyuta yake.

Kurasa mbili au tatu zinatosha kwa rasimu. Zikishakamilika, zipelekeni kwa mwanasheria azipange kwa sheria za mahali mlipo, na sajilini kampuni yenye dhima ya kikomo, ambayo madeni yake kwa kawaida hayafiki kwenye mali zenu binafsi, kabla hamjapokea malipo. Katika nchi nyingi, watu wawili wanaofanya biashara ya faida bila kusajili chochote huhesabiwa wabia, na deni la mmoja linaweza kumfikia mwenzake hadi kwenye mali yake binafsi.

Hatua ya 4: Wekeni funguo mahali pamoja

Fungueni barua pepe moja ya biashara ambayo wote wawili mnaweza kuiingia, na kwa anwani hiyo sajilini jina la tovuti, seva (kompyuta ya kukodi inayoendesha programu), hazina ya msimbo (mahali msimbo unapohifadhiwa mtandaoni), huduma ya malipo na akaunti za mitandao ya kijamii. Nywila zikae kwenye programu ya kutunza nywila mnayoitumia pamoja. Washeni uthibitisho wa hatua mbili (nywila pamoja na namba ya mara moja) kila mahali, na zile namba za dharura mnazopewa mkiuwasha zichapwe kwenye karatasi, kila mmoja abaki na nakala. Jina la tovuti lilipieni kwa miaka kadhaa kwa mkupuo, kisha tarehe ya mwisho iingie kwenye kalenda za wote wawili.

Barua pepe hiyo nayo isitumie jina la tovuti lile lile inalolilinda. Jina likizimika, na barua inazimika nalo, halafu hata kikumbusho cha kulilipia hakiwafikii.

Hatua ya 5: Jengeni kipande kimoja kinachofanya kazi

Mwaka 2008, kabla huduma yake haijafunguliwa kwa umma, Drew Houston wa Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, alitoa video fupi iliyoonyesha jinsi inavyofanya kazi. Orodha ya waliokuwa wakiingoja iliruka kutoka watu 5,000 hadi 75,000. Joel Gascoigne alipoanzisha Buffer, programu ya kupanga machapisho ya mitandao ya kijamii, mwaka 2010 alitangulia na kitu kidogo zaidi: ukurasa wa kueleza wazo, halafu ukurasa wa bei, ili aone nani atabofya mpango wa kulipia ilhali programu yenyewe bado haipo. Ninyi pia wekeni ukurasa mmoja unaosema shida kwa maneno ya wateja wenyewe, bei, na mahali pa kuacha barua pepe. Kama kati ya wale 15 mliozungumza nao hakuna hata watatu walioacha anwani, rudini Hatua ya 2 kabla hamjajenga.

Toleo la kwanza lifanye jambo moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Letu halikuwa na rangi za kuchagua, halikuwa na ripoti, na mteja aliyesahau nywila alituandikia tukambadilishia wenyewe. Lakini kikumbusho kiliondoka siku yake na mdaiwa akakipata. Teknolojia tumieni ile mnayoifahamu tayari. Kujifunza lugha mpya ya programu ni jambo zuri sana, ila lifanyeni kwenye mradi mwingine.

Jipeni wiki sita hadi nane. Zikipita bila toleo linaloweza kutumiwa na mtu, punguzeni kazi, msisogeze tarehe.

Hatua ya 6: Bei, malipo na kodi

Lipisheni tangu siku ya kwanza. Mailchimp, huduma ya kutuma barua pepe za matangazo iliyoanzishwa na Ben Chestnut na Dan Kurzius mwaka 2001, ilingoja hadi 2009 ndipo ikaweka mpango wa bure. Mwaka 2021 iliuzwa kwa kampuni ya programu za fedha, Intuit, kwa takriban dola bilioni 12. Mtumiaji wa bure hukuletea maombi mengi, na kati ya maombi hayo huwezi kujua lipi lingelipiwa.

Msiogope bei inayoonekana kubwa kidogo. Ada za kadi zinaeleza sababu moja. Huduma za kupokea malipo ya kadi kama Stripe hutoza kadi za Marekani asilimia 2.9 pamoja na senti 30 kwa kila malipo. Usajili wa dola 5 kwa mwezi unakatwa karibu senti 45, yaani asilimia 9 hivi. Usajili wa dola 30 unakatwa chini ya asilimia 4. Zile senti 30 ndizo zinazokula bei ndogo. Mkiweka pia malipo ya mwaka mzima kwa punguzo, mtakatwa senti hizo mara moja badala ya mara kumi na mbili, na fedha mtazipata mapema.

Namba za kadi za wateja zisiguse seva yenu kamwe. Tumieni ukurasa wa malipo wa kampuni inayowahudumia.

Kodi huwashtua wengi. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2015, kodi ya ongezeko la thamani kwa huduma za kidijitali zinazouzwa kwa watu binafsi hufuata nchi aliko mteja, na muuzaji wa nje naye anahusika. Wawili hawawezi kufuatilia kodi za nchi zote hizo na bado wakapata muda wa kazi. Zipo kampuni, Paddle ikiwemo, zinazouza programu kwa niaba yenu: kisheria wao ndio muuzaji, wanakusanya kodi na kuiwasilisha, kisha wanawatumia kilichobaki. Ada yao ni kubwa kuliko ya kupokea kadi tu, na kwa mwanzo naona inastahili.

Hatua ya 7: Rejesheni nakala rudufu kabla ya mteja wa kwanza

Nakala rudufu ni nakala ya akiba ya data yenu. Sikusema tengenezeni. Nimesema rejesheni. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo, akihangaika na tatizo usiku, alifuta hifadhidata (ghala la data zote) kwenye seva isiyo yenyewe. Walipokimbilia nakala walikuta utaratibu wao wa kila siku umekuwa ukishindwa kimyakimya kwa sababu ya toleo la programu lisilolingana, na barua za kuwaarifu kuhusu kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa 6 hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya saa hizo ilipotea. Waliandika yote hayo hadharani, na nawashukuru kwa hilo.

Kwa hiyo mara moja kwa mwezi, chukueni nakala ya jana, ifungueni kwenye kompyuta tupu, muwashe programu na kutafuta ankara moja mnayoijua. Mkiiona, andikeni tarehe kwenye daftari. Nakala moja ikae kwa mtoa huduma tofauti na yule wa seva yenu, chini ya nywila tofauti.

Siku hiyo hiyo andikeni sera ya faragha kwa lugha inayoeleweka: mnahifadhi nini, kwa muda gani, na mteja akitaka vifutwe afanyeje. Kanuni ya Ulaya ya kulinda data, GDPR, ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018, na inamhusu hata aliye nje ya Ulaya akiwauzia walio ndani.

Hatua ya 8: Wateja kumi wa kwanza, mmoja mmoja

Ndugu Patrick na John Collison, waanzilishi wa Stripe, walijulikana kwa tabia moja. Mtu akikubali kujaribu huduma yao, hawakumwahidi kumtumia kiungo. Waliomba kompyuta yake wakamwekea pale pale. Fanyeni hivyo hivyo. Warudieni wale mliowahoji, pangeni simu ya nusu saa, mteja aonyeshe skrini yake, na yeye mwenyewe aiweke ankara ya kwanza huku mkimtazama. Nyamazeni. Mahali anaposita ndipo pa kurekebisha kesho.

Mtu wetu wa jedwali la rangi alisita mbele ya kitufe cha kutuma kikumbusho. Alikisoma mara mbili, akauliza kama anaweza kwanza kukiona kitakavyomfikia mdaiwa. Hatukuwa na kitu hicho. Tulikiongeza siku iliyofuata, na ndicho ambacho wateja wapya wanakifungua kabla ya kingine chochote.

Barua za wateja zijibiwe na waanzilishi wenyewe, kwa zamu, na asiyekuwa zamu azisome pia.

Hatua ya 9: Kikao cha kila wiki na namba chache

Saa moja, siku ile ile kila wiki. Angalieni wangapi wameanza kulipa, wangapi wameacha, na wangapi wametumia programu wiki hiyo. Walioacha ndio wa kuangaliwa sana. Wakiondoka asilimia 5 kila mwezi, namba hiyo inaonekana ndogo, lakini kati ya wateja 100 wa leo mtabaki na 54 baada ya mwaka. Kila anayeondoka aandikiwe na mtu, kwa sentensi mbili, aulizwe sababu.

Nusu ya pili ya kikao iwe yenu wawili. Kila mmoja aseme kinachomchosha. Huko ndiko mimi nilikosikia kwamba mwenzangu amekuwa akiamka usiku kuangalia seva kwa miezi miwili bila kuniambia. Tulinunua huduma ya kutoa tahadhari na kugawana usiku.

Hatua ya 10: Fedha ikianza kuingia

Akaunti ya benki iwe ya kampuni, na taarifa zake wote wawili mzione. Kila malipo yakiingia, fungu la kodi lihamishwe siku hiyo hiyo kwenye akaunti ya pembeni na lisiguswe. Kisha seva na huduma. Kisha akiba, hadi itoshe gharama za miezi sita. Posho yenu inafuata, na kiwango chake kiandikwe hata kama ni kidogo mno, pamoja na jina la aliyekubali kungoja kama mmoja amesubirishwa.

Baada ya miezi mitatu tangu mteja wa kwanza alipe, toeni yale makubaliano ya Hatua ya 3 myasome kwa sauti. Saa mlizoahidiana zitakuwa zimebadilika, zetu zilibadilika. Rekebisheni, tieni sahihi upya na tarehe, na mkiwa bado mmekaa hapo, hakikisheni kila mmoja anaweza kuingia kwenye akaunti ya msajili wa jina la tovuti kwa kompyuta yake mwenyewe.